Uchambuzi wa kisa: "Inapitika", na kilomita 14 za mkato Usambara Magharibi

Usuli

Tulikuwa watu sita. Wanne walitoka Dar es Salaam, mmoja Arusha, na wa sita ni mimi niliyepanga njia. Wote sita wamekubali kisa hiki kiandikwe. Nimeondoa majina yao, mwaka, na majina ya vijiji viwili ambavyo wenyeji wake walitusitiri usiku bila kutarajia kuandikwa popote. Watu nitawaita kwa kazi zao: fundi, mwalimu, muuguzi, mhasibu na kijana wa Arusha.

Baiskeli zetu zilikuwa za changarawe, yaani zenye usukani uliopinda kama za mbio lakini tairi pana zenye meno. Pale Soni, njiani kati ya Mombo na Lushoto, kijana mmoja alizizunguka, akazitazama vizuri, akasema, "Hizi ni za lami zilizovaa viatu vya shamba." Sijapata maelezo bora kuliko hayo.

Mpango ulikuwa wa siku tatu. Siku ya kwanza tungepanda lami kutoka Mombo hadi Lushoto, kilomita 33, kutoka kama mita 400 juu ya usawa wa bahari hadi 1,400. Siku ya pili, Lushoto hadi Mtae kupitia Magamba, Lukozi na Sunga, kama kilomita 60, nyingi zikiwa za vumbi. Siku ya tatu ilikuwa ya kurudi. Ilikuwa mwisho wa Oktoba, wakati ambao vuli inaweza kuwa imeanza au bado, na mimi niliamua kuamini kwamba bado.

Asiyewahi kufika huko ajue jambo moja kuhusu milima hii. Usambara ni sehemu ya Tao la Mashariki, milima ya miamba ya kale sana iliyoinuliwa na nyufa za ardhi, na mwamba wake umeoza kwa muda mrefu mpaka ukawa udongo mwekundu mzito. Jua likiupiga unakuwa mgumu kama tofali na baiskeli inateleza juu yake kwa raha. Mvua ikiunyeshea unakuwa kitu kingine kabisa. Penye msitu, kama Magamba, majani yaliyooza na mizizi huyanywa maji. Penye mashamba ya mteremko, udongo laini huoshwa ukashuka barabarani, ukatulia hapo kumsubiri mpita njia.

Siku ya pili ilivyokwenda

Tulikusudia kuondoka Lushoto saa 1 asubuhi. Usiku ilinyesha, si nyingi, nikaisikia kwenye bati nikageuka upande wa pili nikalala. Asubuhi tairi la mhasibu lilikuwa na pancha ya taratibu, kisha chai ikachelewa, kisha kijana wa Arusha akatafuta betri ya taa. Tuliondoka saa 4 na dakika 20. Hakuna aliyesema kwamba tumekwisha kupoteza saa tatu na dakika 20, na mimi ndiye niliyepaswa kusema.

Kupanda Magamba kulikuwa kuzuri. Msitu ulikuwa umelowa, ukungu umekaa kwenye miti, na barabara kuu ikiwa na moramu ya kutosha kubeba tairi. Lukozi tuliingia saa 7 kasoro, siku ya soko. Anayekula kabichi au karoti Dar es Salaam aelewe kwamba huenda zilipita hapa. Malori yalikuwa yamepanga foleni, na yanapotoka yakiwa yamejaa hayana pa kumkwepea mtu. Kilomita chache mbele, Fuso moja lilimpita mwalimu kwenye kona karibu kiasi kwamba gunia lililochomoza lilimgusa bega. Hakuanguka, lakini alishuka akakaa kwenye ukingo wa mtaro kama dakika tano bila kusema neno.

Hofu hiyo ndiyo iliyotuingiza kwenye mkato. Ilikuwa hofu ya haki, na nitaitetea baadaye.

Saa 8 na robo tulifika njia panda. Barabara kuu iliendelea kushoto. Kulia kulikuwa na njia ya kijiji niliyokuwa nayo kwenye simu: faili la GPS nililopewa na mwendeshaji mwingine, kilomita 14, likiungana tena na barabara kuu mbele na kuokoa kilomita 9. Yeye aliipita kwa saa 1 na robo. Chini ya mkaratusi walikaa vijana watatu wa bodaboda.

"Habari za kazi, wadogo zangu?"

"Salama, kaka. Karibuni."

"Njia hii inapitika?"

"Inapitika."

"Ni mbali?"

"Siyo mbali, hapo tu."

Mmoja wao, mwembamba, aliyevaa koti la mvua ingawa jua lilikuwa linawaka, akaongeza: "Ila jana imenyesha."

Nikamjibu, "Tutakwenda taratibu."

Kilomita tatu za mwanzo zilipita kwenye misonobari, mchanga kidogo, majani makavu. Tulizimaliza kwa dakika 20, tukacheka, tukajipongeza. Kisha msitu ukaisha, yakaanza mashamba ya viazi, na njia ikashuka bondeni.

Udongo wa pale haukutuangusha. Ulitushika. Kila mzunguko wa gurudumu uliokota tabaka jipya, tabaka likakutana na uma wa mbele, na gurudumu likasimama kabisa kana kwamba mtu amelikaba. Unashuka, unavunja kijiti cha mkaratusi, unachokoa kati ya tairi na fremu, linatoka donge zito kama ugali wa dona, unatembea hatua thelathini, gurudumu limesimama tena. Kubeba baiskeli begani nako hakukusaidia sana, kwa sababu viatu vilikuwa na kisigino cha tope cha urefu wa kidole na baiskeli ilikuwa imeongezeka uzito kwa matope yenyewe. Kilomita tatu nyingine zilituchukua saa moja na nusu.

Karibu na kilomita ya saba, mhasibu alijaribu kukanyaga pedali badala ya kusukuma. Tope na majani yaliyokuwa kwenye mnyororo yakauvuta mkono wa gia wa nyuma, ule unaohamisha mnyororo kutoka gia moja hadi nyingine, hadi kwenye spoku. Tulisikia mlio mmoja mkavu. Kile kipande kidogo cha alumini kinachoushikilia mkono huo kwenye fremu kilikuwa kimekatika, na cha akiba hatukuwa nacho.

Hapo ukungu ulikuwa umeanza kushuka.

Maamuzi matatu

La kwanza lilikuwa la fundi, na alilifanya bila kuuliza mtu. Alitoa kifaa cha kukatia cheni, akautoa mkono wa gia wote, akaufupisha mnyororo na kuufunga kwenye gia moja ya katikati. Alitumia kama dakika 40, vidole vikiwa vyekundu kwa baridi na udongo, huku mwalimu akimwangazia kwa simu. Baiskeli ikawa ya gia moja kama zile za babu zetu. Lengo lake, alivyoniambia baadaye, lilikuwa kwamba kesho iweze kuzunguka. Leo alikuwa amekwisha kuiondoa kwenye hesabu zake. Mimi nilikuwa bado naihesabu.

La pili lilizua ubishi. Kijana wa Arusha alikuwa na nguvu na tairi nyembamba kidogo kuliko zetu, na alitaka yeye na mimi tutangulie hadi barabara kuu, tutafute gari, turudi kuwachukua. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Muuguzi ndiye aliyekataa. Alisema mhasibu amelowa jasho tangu Magamba, sasa amesimama dakika 40 bila kusogea, anatetemeka na anajibu maswali kwa kuchelewa. Alimvua jezi iliyolowa palepale, akamvalisha sweta kavu kutoka kwenye mfuko wake wa plastiki, akampa biskuti na maji yenye sukari. "Hatugawanyiki," alisema. "Nikibaki na mgonjwa mmoja nataka mikono yote iwe hapa."

La tatu lilikuwa langu, na nililichelewesha. Mwisho wa Oktoba huko jua linazama kama saa 12 na robo, na kiza cha ukanda wetu hakibembelezi. Baada ya dakika ishirini huoni mtaro. Saa 12 kasoro dakika 10, tukiwa kilomita ya tisa, tuliona moshi juu ya mteremko. Kwa saa 3 na dakika 35 tulikuwa tumekwenda kilomita tisa, na kati ya hizo sita zilikula zaidi ya saa tatu. Zilibaki tano. Nilisema tupande kule kwenye moshi tuombe hifadhi. Kusema kweli nilikuwa nimelijua hilo tangu saa 11, lakini nilikuwa naona aibu.

Usiku na asubuhi

Moshi ulitoka jikoni kwa mama mmoja mtu mzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mmetoka wapi na matope yote haya?"

Tulimweleza. Alitutazama sote sita mmoja mmoja, akamwona mhasibu, akamshika mkono na kumkalisha karibu na mafiga kabla sisi wengine hatujamaliza kujitambulisha. Kisha akamtuma mjukuu kumwita mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti alikuja na tochi, akaandika majina yetu kwenye daftari lake, akauliza kama kuna mgonjwa wa kupelekwa zahanati, na muuguzi akasema hapana, apate joto tu. Wanawake walilala kwa mama, wanaume tukalala kwa jirani juu ya magunia. Tulikula viazi vya kuchemsha na chai ya tangawizi. Sijala viazi vyenye utamu namna ile.

Usiku ule nilimwuliza mama kuhusu njia. Alishangaa kwamba tulikuwa tumepita barabarani.

"Ikinyesha sisi tunapita ukingoni mwa mashamba, kwenye majani. Barabara tunayaachia maji."

Asubuhi mjukuu wake alitutangulia kwa njia hiyo, kwenye kingo za matuta zilizopandwa majani ya ng'ombe. Kilomita tano zilizobaki tulizitembea kwa saa 1 na nusu, baiskeli zikizunguka ubavuni bila shida. Barabara kuu tulipata Noah mbili za kukodi, tukarudi Lushoto. Mtae hatukufika.

Hasara: siku moja, kipande kimoja cha alumini, breki pedi za baiskeli tatu zilizoliwa na mchanga, na kifundo cha mkono cha mwalimu kilichoteguka alipoteleza saa 10. Mhasibu alikuwa mzima kabla ya kulala. Mama alikataa pesa. Mwenyekiti ndiye aliyetushauri tuache mchango wa madaftari shuleni, tukafanya hivyo.

Uchambuzi

Nianze na neno lenyewe. "Inapitika" si uongo. Vijana wale walituambia kweli tupu: njia inapitika, wao wanaipita, watoto wanaipita kwenda shule. Kosa lilikuwa kwenye swali langu. Niliuliza habari za njia, na habari za njia nikapewa. Sikuuliza habari za leo, wala za chombo changu, wala za saa ngapi. Zaidi ya hapo, kwetu mgeni anayeuliza kwa tabasamu "inapitika?" anaomba kutiwa moyo, na mtu mwenye adabu hamvunji moyo mgeni. Yule mwembamba alijitahidi kuvuka adabu hiyo. "Ila jana imenyesha" ndiyo sentensi nzito kuliko zote zilizosemwa siku ile, na ilisemwa kwa upole kama inavyosemwa huku. Mimi niliijibu kana kwamba ni salamu.

Siku hizi nauliza hivi: "Wewe leo ungempakia mama mwenye mtoto upite hapa? Mngefika saa ngapi?" Swali hilo linamlazimu mtu afikirie pikipiki yake, abiria wake na saa yake. Jibu huja baada ya kimya kidogo, na kimya hicho chenyewe ni habari.

Kosa la pili lilikuwa faili la GPS. Lilirekodiwa Agosti, katikati ya kiangazi. Lile ni ushahidi wa mtu mmoja kwa siku moja, na mimi nililichukulia kama maelezo ya mahali. Januari tulirudi tukaipita njia ileile, kilomita 14 zote, kwa saa 1 na dakika 20. Kwa hiyo mwenye faili hakukosea hata kidogo. Njia ile ni njia mbili zinazokaa mahali pamoja.

Linalofuata hapo ni hesabu. Nilipanga kwa kilomita. Barabara kavu ya milimani kundi letu linakwenda kilomita 10 au 11 kwa saa, kupanda na kushuka vikichanganywa. Kwenye udongo ule ulioloa tulikwenda mbili. Ukiwa na tofauti ya mara tano, kuokoa kilomita 9 hakuna maana yoyote. Kilichotakiwa kupangwa ni saa za mwanga. Kutoka njia panda tulikuwa na saa nne za jua, na swali sahihi lilikuwa: mambo yakienda vibaya kabisa, saa nne zinatufikisha wapi? Tangu hapo kila mgawanyiko wa njia tunauwekea saa ya kugeuka, tunaiandika kwenye plasta na kuibandika kwenye usukani kabla ya kuondoka, wakati hakuna aliyechoka wala mwenye aibu. Siku ile kama tungekuwa na saa ya kugeuka, ingekuwa saa 10. Saa 10 tulikuwa chini ya kilomita tatu kutoka msituni.

Kuhusu vifaa, kisa hiki kilinibadilisha mawazo. Nilikuwa nikiwashauri watu waweke tairi pana kadiri fremu inavyokubali. Kwa kokoto na mawe bado nasema hivyo. Kwa udongo wa kunata, kinachookoa ni nafasi kati ya tairi na fremu. Kijana wa Arusha alikuwa na tairi za milimita 38 kwenye fremu inayokubali 45, na aliendelea kusukuma muda mrefu baada ya sisi wenye 45 kukwama. Kupunguza upepo, dawa ya mchanga, hakukusaidia chochote. Na kipande cha kushikilia mkono wa gia kina uzito wa sarafu chache; fremu nyingi zina umbo lake la kipande hicho, kwa hiyo si rahisi fundi wa Lushoto au hata wa Tanga awe nacho dukani. Asiyebeba chake hana.

Sasa hofu ya malori. Wapo walioniambia baadaye kwamba tungebaki barabara kuu na kuvumilia. Sikubali. Siku ya soko la Lukozi, barabara ile mchana ni ya mboga, na mtu wa baiskeli kwenye kona zile anacheza na uhai. Uamuzi wa kuikwepa ulikuwa sahihi. Kasoro yake ni kwamba ulifanywa njia panda, na mtu aliyetetemeka dakika kumi kabla, badala ya Lushoto mezani. Kama tungeuliza jana yake siku za soko ni zipi, tungepita Lukozi asubuhi mapema au tungebadilisha siku. Mwenye nyumba ya wageni alijua. Hatukumwuliza.

Yaliyotufaa yalikuwa machache lakini mazito. Nguo kavu ndani ya plastiki ilikuwa moja tu kati ya watu sita, ya muuguzi, na ilitosha kwa sababu aliyeihitaji alikuwa mmoja. Kifaa cha cheni. Kutogawanyika: kijana wa Arusha bado anaamini angefika, na pengine ni kweli, lakini mtandao ulikuwa unakuja na kupotea, na kama angeteleza kwenye mtaro gizani tungekuwa na watu wawili wa kutafutwa na wanne wa kutafuta. Na kupanda kwenye moshi wakati bado tunaonekana nyuso. Mgeni anayebisha hodi jioni ni mgeni. Anayebisha saa 4 usiku, amejaa matope, anawatia watu hofu kabla hajasema neno.

Njia panda tena

Novemba iliyofuata tulikuwa watano, tukielekea Mtae, tumelala Lukozi tukatoka alfajiri siku isiyo ya soko. Vijana walikuwa chini ya mkaratusi uleule. Yule mwembamba alinikumbuka.

Nilimwuliza swali langu jipya. Hakujibu. Alivuka barabara hadi mwanzo wa mkato, akakanyaga udongo kwa kisigino, akauzungusha, akainua mguu akatazama kilichobaki kwenye soli.

"Leo hapana, kaka. Njoo kesho saa 5, jua likishapiga."

Tulimshukuru, tukashika kushoto.